SOMO LA UTUNZAJI WA MALI ZA MRADI: CD Inapokwama Ndani ya Redio ya Gari



Katika masomo kama haya tumezoea kuzungumza juu ya mali kubwa: visima, majosho, mashine za kusaga na majengo. Safari hii tumeona vyema tuzungumze juu ya kitu kidogo, ambacho huenda baadhi yenu watatabasamu wakikiona: redio ya gari la mradi iliyogoma kutoa CD.

Tumekuwa na sababu mbili za kuandika. Kwanza, magari mengi yanayofika kwetu Mbulu na Hanang yametumika Japani kwa miaka kadhaa, na mengi bado yana redio za namna hiyo. Hivyo jambo hili litawapata na wengine. Pili, katika shauri hili sisi wenyewe wa ofisi ya miradi tulikosea, na kosa letu liliwagusa watu ambao hawakuwa na hatia. Tukilificha, hakuna atakayejifunza.

JINSI TULIVYOFIKA HAPO

Mwaka 2024, wakati wa kiangazi, tulikwenda kwenye usharika mmoja wilayani Hanang kutathmini mradi wa kuhifadhi chemchemi. Baada ya kikao, kamati ya usharika ilitukabidhi CD moja iliyokuwa imefungwa katika kitambaa. Mwaka 2009 vijana wa usharika huo waliazima chombo kidogo cha kurekodia, wakazunguka kwa wazee tisa wa eneo hilo na kuwauliza habari za chemchemi zao: miti gani haikatwi, ng'ombe wanyweshwe upande gani, nani anasafisha na kwa zamu gani, na mwaka wa njaa maji yaligawanywaje. Wazee wengine walizungumza Kiiraqw, wengine Kidatoga. Yalipatikana mazungumzo tisa, jumla dakika 74, yakawekwa kwenye CD katika duka moja la mjini. Chombo kilirudishwa kwa mwenyewe na yaliyokuwemo yakafutwa. Nakala nyingine ziliazimwa na hazikurudi. Kati ya wazee wale tisa, sita wamekwisha kufariki.

Kamati iliomba tuwatengenezee nakala tano. Sababu yao ilikuwa ya haraka. Kulikuwa na mvutano kijijini juu ya miti iliyokatwa karibu na chemchemi, na vijana walioingia katika kamati ya maji walikuwa hawajapata kuyasikia maneno ya wazee wale. Tuliipokea CD kwa sahihi katika daftari lao.

Tulirudi kwa njia ya Bassotu na Haydom. Njiani mmoja wetu akasema, tuisikilize basi. Hakuna aliyekataa. Redio ya gari letu ni ya kupokea CD sita kwa pamoja, na tano zilikuwa tayari ndani, nyimbo za kwaya na masomo ya kilimo. Hiyo ikawa ya sita. Ilikuwa na lebo ya karatasi iliyobandikwa kwa gundi na kuandikwa kwa kalamu. Mazungumzo ya kwanza tuliyasikia vizuri sana. Tulipofika Dongobesh tuliliacha gari juani tukaenda kula chakula cha mchana. Tuliporudi na kuwasha, redio ilitoa mlio wa kusagika, ikaonyesha maandishi ya hitilafu, na tangu hapo haikusoma wala kutoa CD hata moja.

Tulipofika Mbulu tulifanya yale ambayo watu wengi hufanya. Tulibonyeza vitufe vyote. Tulipiga dashibodi kwa kiganja. Mwisho mmoja wetu alileta kisu cha jikoni akakipenyeza mdomoni mwa redio ili kuivuta CD. Kisu hicho tutakirudia mbele.

Fundi wa kwanza tuliyemwonyesha alishauri tuitupe redio na kufunga mpya ya kutumia flashi. Lilikuwa shauri la kawaida, nasi tulikaribia kulikubali. Lakini tulipompigia simu mwenyekiti wa kamati ya usharika kumweleza yaliyotokea, alinyamaza kidogo, kisha akatuambia: "Mratibu, redio ni ya mradi, mkitaka badilisheni hata kesho. Ile CD ni ya kwetu. Hiyo ndiyo tunayoisubiri."

KUKIFAHAMU CHOMBO

Mashine inayopokea CD kadhaa na kuzibadilisha yenyewe mafundi wetu huiita chenja. Zipo za aina mbili. Aina ya kwanza hukaa nyuma ya gari au chini ya kiti, na CD zake hupangwa katika kasha linalochomolewa. Aina ya pili iko ndani ya dashibodi, na CD huingizwa moja moja kwa mdomo mmoja mwembamba. Hii ya pili ndiyo yetu, nayo ndiyo ngumu zaidi inapokwama, kwa sababu hakuna kasha la kuchomoa.

Ndani yake kuna roli za mpira zinazoivuta CD, vibao vyembamba vinavyobeba CD zikiwa zimepangana, gia za plastiki zinazopandisha na kushusha vibao hivyo, mota ndogo, na lenzi inayosoma kwa mwanga wa leza. Kila kitu kina nafasi finyu. CD ina upana wa milimita 120 na unene wa milimita 1.2 tu, na mashine imetengenezwa kwa vipimo hivyo. Unene ukiongezeka kidogo, kwa mfano kwa karatasi iliyobanduka pembeni, CD haipiti tena.

Ni vizuri pia kujua CD yenyewe ilivyo. Watu wengi hudhani upande unaong'aa ndio wenye sauti, na upande wa maandishi ni mgongo tu. Sivyo. Sehemu kubwa ya unene wa CD ni plastiki angavu ambayo mwanga wa leza hupita ndani yake. Utando wenye sauti uko juu kabisa, karibu na maandishi, na umefunikwa kwa rangi nyembamba tu. Mkwaruzo mdogo upande unaong'aa mara nyingi unaweza kusafishwa au kung'arishwa. Mkwaruzo upande wa maandishi unaweza kuondoa utando, na utando ukitoka, sauti iliyokuwa hapo imetoka nao.

Jambo jingine: CD husomwa kuanzia ndani, karibu na tundu, kwenda nje. Hivyo maneno ya mwanzo yako karibu na tundu, na ya mwisho yako karibu na ukingo. CD ya dakika 74 imejaa karibu mpaka ukingoni.

KWA NINI HUKWAMA

Kutokana na uzoefu wetu na maelezo ya mafundi, sababu kubwa ni hizi:

- Lebo ya karatasi. Joto la dashibodi hulainisha gundi, lebo hujikunja, nayo hunasa katika roli au kibao. Hii ndiyo iliyotupata sisi.
- Vumbi. Barabara zetu za kiangazi huingiza vumbi kila mahali. Roli zikiwa na vumbi huteleza, na CD huishia nusu ya safari.
- Mtikisiko. Mashine hizi hushikiliwa kwa springi na mipira ya kupunguza mtikisiko. Katika barabara ya mashimo, CD inaweza kuhama kidogo wakati mashine inabadilisha. Ni vyema kutobadilisha CD gari likiwa katika njia mbaya.
- CD zisizo za kawaida: zile ndogo za sentimita 8, zilizopinda kwa jua, au mbili zilizoingizwa pamoja kwa haraka.
- Unyevu. Asubuhi za baridi za Mbulu, hasa mwezi Juni na Julai, mvuke huweza kuganda juu ya lenzi mara tu joto la gari linapowashwa. Hapo mashine haijaharibika. Isubiri saa moja ikauke.
- Umeme dhaifu. Betri iliyochoka huiacha mota ikiishia njiani.

HATUA ZA KUFUATA

Tumezipanga kuanzia nyepesi kwenda nzito. Usiruke hatua.

1. Zima redio na uache kubonyeza. Usiingize CD nyingine kwa matumaini kwamba itaisukuma ya kwanza. Usiingize kisu, waya, rula wala kadi yenye gundi.

2. Soma maandishi yaliyoonekana kwenye kioo cha redio na uyaandike. Kama kitabu cha gari kipo, tafuta maana yake. Wakati mwingine mashine inasema tu kwamba imepata joto kali. Liweke gari kivulini, fungua madirisha na usubiri.

3. Washa swichi ya gari bila kuwasha injini. Bonyeza kitufe cha kutoa CD na ukishikilie kwa sekunde kadhaa. Katika redio nyingi za CD sita, kukishikilia hivyo huamuru mashine itoe zote, moja baada ya nyingine. CD ikijitokeza hata kidogo, ishike kwa ukingo na uivute taratibu ikiwa imenyooka.

4. Ikishindikana, ondoa umeme ili mashine isahau amri iliyokwama nayo. Chomoa fyuzi ya redio, au fungua waya hasi wa betri, ngoja robo saa, kisha rudisha na ujaribu tena hatua ya tatu. Lakini angalia kwanza: baadhi ya redio zina namba ya siri ya kuzuia wizi, na zikikatiwa umeme hazifanyi kazi mpaka namba hiyo iingizwe. Kama hamna namba hiyo, ulizeni kabla ya kugusa betri.

5. Kama chenja ni ya kasha, chomoa kasha na mulika ndani kwa tochi. Mara nyingi utaona CD iliyobaki nje ya kibao chake. Kama chenja ni mpya kwenu na imefika ikiwa imefungwa, angalia pia kama skrubu za kuizuia isitikisike safarini zimeondolewa. Zikisahaulika haitafanya kazi vizuri.

6. Yote haya yakishindikana, redio itolewe na kufunguliwa. Hii ni kazi ya fundi redio. Msipeleke gari kwa fundi wa injini kwa sababu tu mmemzoea. Hata hivyo mjumbe mmoja wa kamati akae hapo na kuangalia, maana mali ni yenu.

KAZI YA FUNDI TULIVYOIONA

Tulimpata fundi redio mjini Babati ambaye alianza kazi yake kwa redio za kaseti. Alituuliza kwanza swali ambalo fundi wa awali hakuuliza: "Mnataka redio au mnataka CD?" Tulijibu kwamba tunataka CD, na redio ikipona tutashukuru. Akasema basi atafanya taratibu, kwa sababu anayetaka redio huivuta CD, na anayetaka CD huisogeza mashine.

Aliondoa waya hasi wa betri, akasubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa dashibodi. Alieleza kwamba magari yenye mifuko ya hewa ya usalama hubaki na umeme kidogo kwa muda baada ya betri kufunguliwa, na kufanya kazi karibu na mifuko hiyo bila kusubiri ni hatari. Kisha alitoa kava la plastiki kwa kijiti cha plastiki badala ya bisibisi ya chuma ili asilivunje. Alifungua boliti nne kwa spana namba 10, akaivuta redio, akachomoa plagi za nyuma na waya wa eriali. Kabla ya kuchomoa chochote alipiga picha kwa simu. Skrubu zote aliziweka katika trei ya mayai kwa mpangilio alivyozitoa.

Mezani alifungua kifuniko cha juu. Tuliona lebo yetu imejikunja kama jani kavu, ncha moja imenasa kati ya kibao na roli. Hakuvuta. Alitafuta gia iliyo karibu na mota akaizungusha kwa kidole, kidogo kidogo, huku akiangalia vibao vinavyosogea. Alipoona inakaza alirudi nyuma nusu mzunguko. Alitukataza kabisa kung'oa gia yoyote, kwa sababu zimepangwa kwa alama, na zikirudishwa jino moja pembeni chenja haitapanga CD tena. Kwa kibano aliikata ile sehemu ya lebo iliyonasa, akaendelea kuzungusha. Kazi hiyo ilichukua karibu saa mbili. CD tano zilitoka nzima. Ya sita ilitoka mwisho.

Kisha alisafisha roli kwa pamba iliyoloweshwa spiriti kidogo, akapuliza vumbi kwa kipulizio cha mpira, na lenzi akaigusa kwa pamba laini mara moja tu. Alitukumbusha mambo mawili. Mafuta ya kupulizia yasitumike ndani ya chenja, maana huvuta vumbi na kuziharibu roli. Petroli na thina visitumike pia, maana huyeyusha plastiki. Vilevile mashine isiwashwe ikiwa wazi na mtu akachungulia lenzi, kwa sababu mwanga wa leza ya CD hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyadhuru.

Redio ilirudishwa na inafanya kazi mpaka leo. Gharama yote haikufikia bei ya tangi moja la dizeli.

CD ILIYOTOKA

Hapa inatupasa kusema ukweli wote. Lebo ilipobanduka ilikuwa imeshikamana na utando wa sauti ukingoni. Kisu chetu kiliingia juu ya CD, upande wa maandishi, kikaikokota lebo hiyo pamoja na utando. Tulipoiinua CD dhidi ya mwanga, tuliona dirisha jembamba pembeni, urefu wa kucha ya kidole. Mwanga ulipita hapo bila kuzuiwa. Fundi alituonyesha bila kusema neno.

Tuliisafisha kwa kitambaa laini, tukifuta kutoka tunduni kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Haifai kufuta kwa kuzungusha, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko huipa mashine shida zaidi. Tuliisoma kwa kompyuta kwa programu inayorudia mara nyingi sehemu zenye kasoro. Mazungumzo ya kwanza hadi ya nane yalitoka vizuri. La tisa lilitoka dakika mbili za mwanzo, kisha vipande vipande, kisha kimya.

La tisa lilikuwa la mama mmoja mzee aliyekuwa mtunzaji wa chemchemi ya juu, na amefariki. Yeye ndiye aliyekuwa anaeleza habari za mwaka wa njaa na jinsi maji yalivyogawanywa. Mashine ingetengenezwa ikiwa imekwama wiki nzima na isingemdhuru. Aliyemnyamazisha ni haraka yetu ya nusu saa.

Tulikwenda wenyewe kuirudisha CD pamoja na nakala tano za yaliyopatikana, na tukaomba radhi mbele ya kamati. Hawakutufokea. Walisikiliza mazungumzo yote nane mfululizo, na vijana wa kamati ya maji walikuwepo. Lilipoanza la tisa na kukatika, mama mmoja wa makamo aliyekuwa amekaa nyuma alisema kwamba marehemu alikuwa shangazi yake, na kwamba sehemu iliyobaki anaikumbuka. Akaieleza, tukamrekodi siku ileile kwa simu. Si maneno yaleyale wala sauti ileile, na yeye mwenyewe alisema kuna mambo amesahau. Lakini sasa yapo.

KUTUNZA REKODI ZA USHARIKA

Sharika nyingi zina CD na kaseti za namna hii katika makabati: kwaya za zamani, ibada za uzinduzi, mahojiano, masomo. Tunashauri yafuatayo:

- Nakili kabla ya kusikiliza. CD iliyo pekee isichezwe katika gari wala katika mashine ya kuvuta. Ipelekwe kwanza kwenye kompyuta yenye trei ya kutoka nje.
- Andika jina kwa kalamu laini maalumu ya CD, karibu na tundu. Usibandike lebo ya karatasi. Kama ipo tayari, usiibandue.
- CD za kurekodia mwenyewe zisikae juani. Rangi inayobeba sauti ndani yake huharibiwa na mwanga. Ziwekwe ndani ya kasha, zikiwa zimesimama, mahali penye giza na pakavu.
- Wekeni nakala tatu, katika vitu vya aina mbili tofauti, na moja ikae nje ya usharika. Saa moja ya sauti kamili ya CD ni kama megabaiti 600. Ikibanwa kwa kawaida ni kama megabaiti 60, hivyo flashi moja ndogo inatosha rekodi za miaka mingi. Hifadhini ile kamili, na hiyo iliyobanwa mwitumie kusikiliza.
- Nakala ya nje si jambo la ziada. Asubuhi ya Desemba 3, 2023, tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang na kuikumba Katesh na vijiji vya jirani. Watu walipoteza ndugu, na nyumba zilikwenda na kila kilichokuwamo. Hakuna kabati lililo imara kuliko mlima.

KWA MARAFIKI WANAOTUSAIDIA

Baadhi yenu mmewahi kuuliza kwa nini taarifa zetu zina kifungu cha matengenezo madogo, na kwa nini redio ya gari ihesabiwe kuwa chombo cha kazi. Tunapenda kujibu.

Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani huja na redio inayopokea masafa ya FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa yakitumika huko kwa miaka mingi. Vituo vyetu vingi viko juu ya hapo, kufikia megahezi 108. Hivyo katika gari la namna hiyo redio husikika kidogo sana, na CD ndiyo inayobaki. Tunapofika kijijini kisicho na umeme, tukifungua milango ya gari na kupandisha sauti, watu arobaini husikia somo la kilimo au la afya kwa lugha wanayoielewa. Kwa wale wenye redio kama hizo na waliokwisha kuhamia kwenye flashi, kipo kirusha mawimbi kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha gari. Kiwekeni katika masafa kati ya 88 na 90, redio itakipokea bila kubadilishwa.

Kifungu kidogo cha matengenezo ndicho kinachomruhusu mratibu kumwita fundi sahihi siku ya kwanza. Pasipo kifungu hicho mtu hutafuta njia ya bure, na njia ya bure kwa kawaida ni kisu cha jikoni.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Je, usharika wetu una rekodi, picha au daftari ambalo lipo moja tu? Liko kwa nani, na nani mwingine anajua?
2. Mtu akiazima mali hiyo, tunaandika wapi? Je, tunamweleza namna ya kuitumia, au tunamwamini tu kwa kuwa ni mtu wa ofisi?
3. Chombo kikiharibika katika mtaa wetu, ni nani mwenye ruhusa ya kukifungua? Je, majina ya mafundi wanaofaa yameandikwa mahali?
4. Ni wazee gani katika eneo letu ambao bado hatujawauliza habari za maji, misitu na mipaka? Nani atakwenda kwao, na siku gani?

Swali la nne tunaomba lisiahirishwe hadi kikao kijacho. Kamati ile ya Hanang imekwisha kuanza. Wameazima simu yenye nafasi ya kutosha, na wamepanga kuwatembelea wazee watatu waliobaki kabla ya mvua za masika. Wametuomba usafiri siku hiyo, nasi tumekubali. Wametuomba pia kwamba wakati wa kurudi tusisikilize kitu chochote njiani mpaka nakala ziwe zimetengenezwa. Hilo nalo tumekubali, na tumeliandika katika daftari lao kwa sahihi.